Mlingoti wa Pima Elfu Moja

Sihaba binti Awadh alikuwa na ugonjwa mmoja ambao waganga wote wa Chole wasingeuweza: akishasikia swali, hatulii mpaka alijue jibu lake. Utotoni aliuliza kwa nini popo hulala kichwa chini, na alipoambiwa ndivyo walivyoumbwa, akauliza sasa maji wanakunywaje. Shangazi yake, Bibi Mwatima, alizoea kusema kwamba mtoto huyu angezaliwa mwanamume angekuwa kadhi, na kwa kuwa kazaliwa mwanamke, basi atakuwa balaa.

Balaa lenyewe sasa lilikuwa na miaka ishirini. Alasiri ile lilikuwa limekaa mkekani nyuma ya pazia la sebuleni, ubao mapajani, likisubiri miguu ya mwanamume mmoja iingie.

Ndiyo, miguu. Pazia lile halikufika sakafuni, liliishia juu kidogo, na katika miezi yote ya masomo kile ndicho kipande pekee cha Mbaraka bin Shamte alichopata kukiona. Alikijua vizuri. Alijua kovu la kifundo cha kushoto, alijua kidole gumba kilichopoteza ukucha, na alijua kwamba hesabu ikimshinda Mbaraka hukunja vidole vyake kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Msichana mwingine angeridhika na hayo. Sihaba alikuwa akijiuliza, usiku na mchana, miguu ile inaishia katika uso wa namna gani.

Baba yake, Maalim Awadh, ndiye aliyekuwa akiwapimia watu wa Chole saa za sala, kama babu zake waliotoka Omani walivyofanya, kwa ubao uitwao rubui. Ni ubao wa robo duara, umechorwa mistari iliyopishana kama wavu, na pembeni umening'inizwa uzi wenye ushanga. Unaweka uzi juu ya daraja, yaani digrii, ya pembe unayoitaka, unaufuata mstari, na ubao unakupa hesabu yake, ambayo wenyewe huiita jaibu. Ukiizidisha jaibu hiyo kwa urefu wa kamba iliyonyoshwa kutoka kileleni mpaka chini, kisha ukagawa kwa sitini, unajua mti una kimo gani bila kuupima wenyewe. Maalim hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo elimu hiyo alimpa binti yake. Kisha macho yake yakaingia mtoto wa jicho, akawa hauoni tena uzi, na ikabidi binti awe ndiye macho.

Ndipo akatokea Mbaraka kutoka Ndagoni. Alikuwa amemshikia mnyororo wa kupimia bwana mpima, Mjerumani aliyekuja kupima mashamba ya minazi, na siku moja alimwona akiupima upana wa mkondo wa Chole na Juani bila kulowa hata ukucha. Mbaraka, mtoto wa mvuvi, aliyeuvuka mkondo ule tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, hakulala usiku ule. Kulipokucha alimwuliza bwana mpima amefanyaje. Bwana mpima akacheka, akamwambia kuna darasa la wapimaji linafunguliwa Dar es Salaam, la miaka miwili, na mlangoni kuna mtihani wa hesabu za pembe. Ukifaulu, utajua. Na katika Mafia nzima, hesabu za pembe zilikuwa katika nyumba moja tu.

Siku ya kwanza Maalim alimwambia, "Mimi nitakupa kanuni, na msomaji wangu aliye nyuma ya pazia atakusomea ubao." Mbaraka akaligeukia pazia, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, bibi."

Sihaba akaukaza uso, akaikwaruza sauti. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Ilipita wiki nzima Mbaraka akilipigia pazia shikamoo, mpaka siku moja jioni alipokosea kujumlisha, akasema hesabu iliyompa mbuzi wa kimo cha mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Sihaba akashindwa. Akacheka kicheko cha ujana wake wote. Upande wa pili Mbaraka akasema polepole, "Maalim, huyu bibi yako ana miaka mingapi?" Tangu siku ile shikamoo ikakoma, na sauti yake ikabadilika kila alipolielekea pazia. Bibi Mwatima hakuyaona hayo. Aliyasikia, na alikuwa na masikio mazuri sana.

Ndiyo maana alasiri hii aliingia nyuma ya pazia kabla ya mgeni kufika, akachutama mbele ya Sihaba, akamnong'oneza.

"Leo ndiyo mwisho. Kesho kutwa anasafiri, Mungu amfikishe salama na amweke hukohuko. Akishatoka tu, baba yako atakuuliza habari ya Azizi."

"Leo, shangazi?"

"Leo. Mwanangu amengoja vya kutosha. Ana minazi, ana nyumba ya mawe, na damu yake ni yako. Unataka nini zaidi?"

Alichokuwa akikitaka Sihaba kilikuwa kinapiga hodi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mbaraka, pita mwanangu," alisema Maalim Awadh.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Ndagoni hawajambo?"

"Hawajambo. Baba anakusalimu sana. Kaleta samaki, changu, nimewaweka ukumbini." Miguu ikasogea, ikasimama. "Na msomaji, hajambo?"

"Msomaji, unaulizwa hali."

Mzaha wa bibi ulipokwisha, adabu ya nyumba ile haikumruhusu Sihaba kumsemesha mwanamume asiye maharimu wake. Ilimruhusu kumsemesha baba yake. Kwa hiyo mapenzi yale, kama tunaweza kuyaita hivyo na mwenyewe alikuwa bado hajayaita, yote yalipita kwa Maalim kama maji yanavyopita katika mfereji.

"Mwambie sijambo, baba. Mwambie pia amechelewa."

"Maalim, mwambie msomaji maji yalikupwa, mtumbwi ukakwama Utende, nikashuka nikausukuma."

"Mwambie nimeona. Ameingia na nusu ya tope la Utende."

Vidole vilijikunja, vikajaribu kujificha kimoja nyuma ya kingine. Sihaba akatabasamu peke yake, kisha tabasamu likamfia usoni alipokumbuka kwamba kesho hataviona.

Mbaraka akaketi. "Maalim, lipo jambo limenitisha. Bwana mpima amenitumia hili." Ikasikika karatasi ikikunjuliwa. "Ni jedwali la jaibu lililopigwa chapa. Anasema katika mtihani rubui haingii. Kila mtu atapewa jedwali hili, afanyie hilo."

"Hilo si la kutisha. Jaibu ni jaibu."

"Nilidhani hivyo, Maalim. Nikachukua ile hesabu ya mlingoti niijaribu."

Ile hesabu ya mlingoti walikwisha kuifanya mpaka wakaichoka. Kamba ya pima kumi na mbili, kila pima ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, imefungwa juu ya mlingoti wa bendera, ikanyoshwa mpaka chini, ikafanya na ardhi pembe ya daraja thelathini. Mlingoti una kimo gani? Kwa rubui, jaibu ya thelathini ni thelathini. Zidisha kwa kumi na mbili, gawa kwa sitini, unapata pima sita, nao ni mlingoti wa haki ambao mtu anaweza kuupandishia bendera.

"Sasa jedwali linasema nini?" aliuliza Maalim.

"Jedwali linasema jaibu ya thelathini ni elfu tano."

"Elfu tano!"

"Ndiyo, Maalim. Nimezidisha kwa kumi na mbili, nimegawa kwa sitini kama ulivyonifundisha. Nimepata pima elfu moja."

Nyuma ya pazia Sihaba aliziba mdomo. Mlingoti wa pima elfu moja! Bendera yake ingewafunika malaika.

"Umekosea kuzidisha," alisema Maalim.

"Nimerudia mara nyingi mpaka mama kataka kunifichia kibao."

"Basi waliopiga chapa ndio waliokosea. Mimi nilifundishwa na baba yangu, naye na baba yake. Unazidisha, unagawa kwa sitini. Hiyo ndiyo kanuni, haina nyingine."

"Lakini, Maalim, mtihani ni wao."

Maalim akaipapasa karatasi asiyoiona. Na fumbo kama lile kwa Sihaba lilikuwa kama harufu ya mkate wa kumimina kwa mtu aliyefunga. Elfu tano ilitoka wapi? Mtu hachapi uongo mrefu namna ile kwa bahati mbaya. Akaunyanyua ubao.

"Baba," alisema, "mwambie anisomee ya arobaini na tano."

"Elfu saba na sabini na moja," alisema Mbaraka, na sauti yake ikapata nguvu mara moja, kwa jinsi alivyoizoea sauti ile kumtoa shimoni.

Sihaba akavuta uzi. Ubao wake ulisema arobaini na mbili na kitu. Hapakuwa na mfanano wowote, na bado alihisi mfanano upo.

"Mwambie asome ya sitini."

"Elfu nane mia sita na sitini."

"Mwambie asome ya mwisho kabisa. Ya tisini."

"Ya tisini..." Kidole kilisikika kikiteleza juu ya karatasi. "Elfu kumi kamili."

Sihaba akautazama ubao. Ya tisini, ya mwisho kabisa, palepale ubao unapoishia, ilikuwa sitini.

Akaona. Aliona yote kwa mpigo, kama mtu aliyefunguliwa dirisha, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa hata akafungua kinywa kusema. Kisha akakifunga.

Maana aliona na jambo jingine. Mbaraka hajaona. Baba yake hajaona, na kwa kiburi cha kanuni yake hataona leo. Mbaraka ataondoka na kanuni ya sitini kichwani na jedwali la elfu kumi mkononi, na kila hesabu atakayoifanya itatoka mlingoti wa kutoboa mbingu. Atafeli. Na akifeli atarudi Ndagoni, atapiga hodi tena alasiri moja, na miguu ile itasimama tena pale pale. Sihaba hakuhitaji kusema uongo wowote. Alihitaji kunyamaza tu, kama mwanamke mwenye adabu zake.

"Msomaji?" aliita Maalim. "Umepata lolote?"

"Sijapata, baba."

Lilikuwa neno dogo.

Maalim akashusha pumzi. "Basi, mwanangu, mambo ya watu hatuyajui. Wewe shika kanuni. Gawa kwa sitini, mengine mwachie Mungu."

"Inshallah, Maalim." Miguu ikanyanyuka. Haikuwa na nguvu yoyote. "Nimekusumbua sana. Nisamehe nilipokukosea."

"Hukunikosea. Nenda, baba. Mungu akufungulie."

Mbaraka akaubusu mkono wa Maalim. Kisha miguu ikageuka, ikalielekea pazia, na ikakaa pale kwa kitambo kirefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Maalim, nakuomba umwambie msomaji jambo moja."

"Nitamwambia."

"Mwambie nilikuja hapa nataka kujua mkondo unapimwaje. Nimekwisha kujua zamani. Tangu mwezi wa kwanza najua. Niliendelea kuja kwa sababu kuna swali jingine, na hilo halimo katika rubui wala katika jedwali. Mwambie kila akisema 'mwambie', mimi huenda nalo Ndagoni, nalala nalo, naamka nalo. Hilo tu."

Maalim Awadh hakuligeukia pazia. "Nadhani amesikia," alisema.

Miguu ikaenda. Sihaba aliiona ikivuka mkeka, ikifika kizingitini, kile kidole kisicho na ukucha kikitangulia nje. Na hapo akamwona Mbaraka mwingine, yule wa kesho: ameketi peke yake mbele ya karatasi katika mji wa watu, anazidisha sawasawa, anagawa sawasawa, na bado anakosea, na hajui kwa nini. Hatajua kamwe. Atarudi Ndagoni akiamini akili yake ni mbovu, na yeye Sihaba atakuwa akiisikiliza sauti ile iliyovunjika, akijua.

Aliuacha ubao ukaanguka. Akavuta ukaya kichwani, akalisukuma pazia, akatoka.

"Mbaraka!"

Ukiacha marahaba zile za bibi, lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe. Mbaraka akageuka kizingitini, na wote wawili wakasimama wakitazamana kama watu waliokutana njiani wamebeba mzigo mmoja.

Masikio yake yalikuwa makubwa kidogo. Hilo hakulitarajia. Uso ulikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na macho yalikuwa ya mtu anayeuliza hata akiwa amenyamaza. Sihaba alikuwa ameuwazia uso huo kwa miezi na hakuupatia hata mara moja, na sasa alipouona alijua kwamba usingeweza kuwa mwingine. Kuhusu Mbaraka, alikuwa amesahau kufumba mdomo.

"Lete jedwali," alisema Sihaba, kwa sababu kama asingesema hesabu angelia.

Mbaraka akalileta. Sihaba akaliweka juu ya mkeka mbele ya baba yake, akapiga magoti upande mmoja, Mbaraka akapiga magoti upande wa pili.

"Soma hapa. Ya thelathini."

"Elfu tano."

"Na hapa chini kabisa, ya tisini."

"Elfu kumi."

"Elfu tano ni nini ya elfu kumi?"

"Nusu."

"Sasa ubao wetu. Ya thelathini ni thelathini, ya tisini ni sitini. Thelathini ni nini ya sitini?"

Alikuwa hatazami jedwali.

"Karatasi iko huku," alisema Sihaba, na mashavu yakamwaka moto.

"Nusu," alisema Mbaraka, bado hatazami.

"Basi ni kitu kimoja. Kitambaa kimoja, huyu kapima kwa shibiri, yule kapima kwa dhiraa. Hesabu zimetofautiana, kitambaa hakijaongezeka. Sisi tunagawa kwa sitini kwa sababu ubao wetu unaishia sitini. Wao jedwali lao linaishia elfu kumi. Gawa kwa elfu kumi."

Hapo Mbaraka aliinama. Akakivuta kibao chake, chaki ikakwaruza, vidole vya miguu vikajikunja kama vilivyozoea, na Sihaba akashangaa jinsi ilivyo tamu kuviona pamoja na mwenyewe.

"Sita," alisema. Akafuta, akaanza upya, akafika palepale. "Pima sita. Maalim, ni pima sita!"

Maalim Awadh alikuwa ameuinamisha uso wake usioona. "Kwa hiyo hawakukosea," alisema. "Umri wangu wote nagawa kwa sitini, na sikupata kujiuliza kwa nini sitini."

"Mimi nilikuuliza, baba. Nilipokuwa mdogo."

"Nikakujibu nini?"

"Kwamba ndivyo tulivyofundishwa."

Mzee akacheka kwa huzuni kidogo, akatikisa kichwa. Lakini Mbaraka hakucheka. Alikuwa mtu wa kuuliza, na swali lilikuwa limemfika.

"Umelijua hili sasa hivi?"

Sihaba angeweza kusema ndiyo. Alikitazama kibao. "La. Nililijua uliposoma ya tisini."

"Lakini Maalim alikuuliza. Ukasema hujapata."

"Nilisema hivyo."

"Nikaaga. Nikafika mlangoni." Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikuwa ukingoja nini?"

"Ungefeli," alisema Sihaba. "Ukifeli ungerudi. Ukifaulu ni miaka miwili, na mimi leo hii natakiwa niolewe na Azizi. Ndiyo nikanyamaza. Nilitaka ubaki, Mbaraka. Nakupenda, na nilitaka ubaki hata kama ni kwa kukuharibia."

Maneno yale yalitoka kwa sauti ileile aliyosomea ubao, wazi na bila kutetemeka. Maalim Awadh akajikohoza.

"Basi kwa nini hukuninyamazia mpaka mwisho?" aliuliza Mbaraka kwa upole.

"Kwa sababu ungekosea na usijue kwa nini. Hayo maumivu nayajua mimi. Sikuweza kukupa."

Mbaraka akafungua kinywa ajibu, lakini aliyejibu alikuwa mlangoni.

"Yarabi stara!" Bibi Mwatima alikuwa amesimama na kisu mkononi, magamba ya changu yamemjaa mpaka viwikoni. "Pazia liko wapi? Huyu mtoto kafuata nini huku? Kaka, unaona?"

"Sioni, Mwatima. Unajua kwamba sioni."

"Binti yako amepiga magoti na mwanamume juu ya mkeka mmoja!"

"Na mimi nipo katikati yao, na jedwali pia lipo. Weka kisu, dada."

"Sikiweki! Nilisema mimi. Nilisema mtu haleti samaki kila siku kwa ajili ya hesabu. Kaka, mwulize sasa hivi habari ya mwanangu, tumalize. Ndivyo tulivyoahidiana."

Maalim Awadh akakubali kwa kichwa. Ahadi ilikuwa ahadi. Mbaraka akataka kuinuka, mzee akamshika bega akamkalisha.

"Sihaba."

"Labeka, baba."

"Azizi mwana wa shangazi yako anakuposa. Wasemaje?"

Kila aliyekuwa sebuleni mle alijua jinsi mambo yanavyokwenda. Msichana akiulizwa habari ya posa hasemi ndiyo, maana ndiyo ina aibu. Huinamisha kichwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Mama yake Sihaba alinyamaza, bibi yake alinyamaza, na Bibi Mwatima mwenyewe, ingawa ni vigumu kuamini, siku moja alipata kunyamaza. Sasa alikuwa amekwisha kutupa kisu chini na kufungua viganja vyenye magamba, tayari kwa Fatiha.

"Simtaki, baba," alisema Sihaba, kabla kimya hakijapata nafasi ya kuingia. "Azizi ni ndugu yangu na namtakia heri. Lakini simtaki."

Viganja vya Bibi Mwatima vikashuka. Macho yakamjaa machozi ya kweli, maana alimpenda mwanawe, na kwa namna yake alimpenda na mpwa wake huyu aliyemlea. "Unamkataa Azizi kwa ajili ya tope la Ndagoni," alisema. "Miaka miwili! Unajua Dar es Salaam kuna wanawake wangapi?"

"Bibi," alisema Mbaraka, "mimi si wa..."

"Nyamaza wewe!"

"Mwache aseme," alisema Maalim Awadh. "Sema, mwana wa Shamte. Ulisema una swali ambalo halimo katika rubui."

Mbaraka akakiweka kibao chini. "Maalim, si adabu kijana kujiposea. Wazee wangu wako Ndagoni. Lakini kesho kutwa naondoka, na nikiondoka bila kusema, mtihani wenyewe sitauona. Sina minazi. Sina nyumba ya mawe. Nina hesabu ulizonipa wewe, na hizo pia amezirekebisha yeye. Nikiwatuma wazee wangu kesho asubuhi, utawafungulia mlango?"

Maalim Awadh alikuwa baba, na kichwani mwake yalipita mambo ya kila baba: kwamba nyumba hii haijapata kutoa mke kwenda Ndagoni, kwamba watu wa msikitini watasema, kwamba miaka miwili ni mirefu kwa kijana na ni mirefu zaidi kwa msichana. Na lilipita la mwisho, ambalo hakulitamka: Sihaba akiolewa, nani atamsomea uzi?

"Baba yako nitamfungulia mlango," alisema hatimaye. "Atakuja asubuhi, atakunywa kahawa yangu, tutasema. Lakini anayetakiwa kungoja miaka miwili si mimi."

Akaugeuza uso wake, akautafuta upande aliko binti yake.

"Sihaba, mwanangu. Mbaraka bin Shamte anakuposa, na utamngoja mpaka arudi. Akifaulu au akifeli, ni huyu huyu. Wasemaje?"

Upepo uliingia dirishani ukalipeperusha jedwali, na hakuna aliyelishika. Sihaba, aliyekuwa na neno la kila mtu, aliinamisha kichwa taratibu mpaka ukaya ukamfunika uso. Hakusema kitu.

"Jibu basi!" alisema Bibi Mwatima. "Azizi umemjibu haraka haraka, huyu je? Umekatwa ulimi?"

Sihaba hakusema kitu.

Jasho likamtoka Mbaraka. Yote aliyokuwa akiyajua tangu utotoni juu ya posa na wasichana yalikuwa yamemkimbia kichwani. "Maalim," alisema, "kama moyo wake hautaki, nakuomba asilazimishwe. Mimi nitakwenda tu..."

Mzee akaunyosha mkono, akampapasa mpaka akampata, akamziba mdomo.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Anakujibu."